Nilivyolifunga shamba la bosi kabla ya baridi, na ushauri nilioutupa

Hapa Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, Oktoba ikiingia kila mtu anakuwa fundi. Ukimwambia unatunza shamba la mtu, lenye nyumba kubwa itakayokaa tupu hadi Aprili, anakupa jibu lile lile: acha hita kwenye nyuzi 55 za Farenhaiti (13 za kwetu), funga mlango, kalale. Nimechoka kulisikia.

Hita nyingi za huku zinakula mafuta, lakini kinachowasha moto na kusukuma joto ni umeme. Umeme ukikatika, tangi limejaa mafuta na nyumba inaganda vilevile. Jirani yangu mzee mpaka leo anaisimulia dhoruba ya barafu ya Januari 1998, iliyowaacha gizani zaidi ya nusu ya wakazi wa jimbo zima. Maji yakiganda yanavimba kwa asilimia 9 hivi, na bomba la shaba halina pa kuyapeleka. Linapasuka kimya kimya. Habari utazipata barafu ikiyeyuka na maji yakianza kuchuruzika kutoka darini.

Bosi, ambaye Novemba anahamia Florida kama wenye nazo wengi wa huku, alitaka hita. Nikamwomba aniache niitoe nyumba maji yote. Alikubali shingo upande.

Kuzima pampu ya kisima na kufungua koki sina haja ya kueleza. Hita ya maji muizime kwenye umeme kabla hamjaimwaga, la sivyo koili yake inaungua. Ila koki kuacha kudondoka si dalili kwamba mabomba yamekauka. Nyumba hii ina zaidi ya miaka mia, kila fundi kaongeza chake, na mabomba yamelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Pale palipolegea maji yanatuama. Nikaazima kompresa, nikaiunga kwenye koki ya mashine ya kufulia, nikasukuma upepo kwa presha ndogo huku nikifungua koki moja moja kuanzia ghorofani. Bafu la juu likakohoa, likatema maji ya kutu, likanyamaza. Nikangoja. Likakohoa tena, safari hii likamwaga karibu nusu ndoo. Na ni bafu ambalo mwenye nyumba aliniapia lilikuwa kavu!

Kwenye viwiko vya chini ya sinki na kwenye choo unamimina ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia maji yasigande, inayouzwa kwa ajili ya magari ya kulala safarini. Galoni ni dola chache. Kuna bwana aliniambia kulanti ya gari ni kitu kile kile. Si kile kile hata kidogo. Kulanti ya kawaida ni sumu, mbwa akiilamba hamalizi wiki.

Lakini iliyonitoa jasho ni nyumba yangu mwenyewe, ile ndogo ya getini. Dukani waliniuzia nailoni za kubandika madirishani, unazipuliza kwa draya ya nywele mpaka zinakakamaa. Nikabandika nyumba nzima, zikapendeza kweli. Baridi ikabaki pale pale, miguuni.

Sasa, mke wangu ni mtu wa Tanga, na Ijumaa hakosi chetezo. Ijumaa moja upepo unavuma wa kaskazini, nikaona moshi wa ubani haupandi. Unakwenda ubavu, unapita nyuma ya kochi, unatambaa mpaka mlango wa darini na kupotelea huko. Nikakiomba chetezo.

"Unakipeleka wapi?"

"Kuwinda."

Hakucheka. Nikazunguka nacho kuta zote. Madirishani moshi ulisimama wima, na pesa yangu ya nailoni ndiyo imekwenda hivyo. Nyuma ya sinki, bomba linapopenya sakafuni, ulinirudia usoni mpaka nikapiga chafya. Nikashuka chumba cha chini, pale mbao za ukuta zinapokalia msingi wa mawe: moshi ulicheza ukuta mzima, na mahali pamoja nilipenyeza kidole nikagusa majani ya nje. (Makaa ndani ya nyumba iliyofungwa si mchezo. Nilifanya haraka, na king'ora cha hewa ya sumu kipo ukutani na betri mpya.)

Kumbe joto linapanda na kutokea darini, na likitoka linavuta baridi kutoka chini. Ziba juu na chini kwanza, dirisha baadaye. Nilitumia povu la kopo, ila kwenye matundu nikatanguliza nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, maana povu peke yake panya analitafuna. Yote haikufika dola mia.

Ushauri niliouchukua bila ubishi ni wa yule mzee jirani: kata matawi ya msonobari, uyalaze kuzunguka msingi. Theluji inanasa humo na upepo unakosa njia. Masika ya huku yakifika uyaondoe, mbao zisioze.

Vijiti vya kuonyesha kingo za barabara theluji ikishaifunika, pigilia kabla ardhi haijawa jiwe. Na muuza kuni akikuapia kwamba ni kavu, pasua gogo moja uliweke shavuni. Langu lilikuwa baridi na unyevu, na kuni mbichi ndizo zinazojaza dohani lami ya moshi inayoshika moto. Nilizichukua kwa bei ya chini, ziwe za mwaka unaofuata.

Aprili nilirudisha maji, hakuna bomba lililovuja. Bosi sasa anawasimulia wenzake kwamba kutoa maji lilikuwa wazo lake. Mafuta aliyookoa sijaonjeshwa hata galoni, lakini amenunua kompresa mpya, na tairi za gari langu zinafaidi.