Mbona Ctrl+C haishiki skripti ikiwa ndani ya C

Hili swali naulizwa sana na vijana wa hapa Kisumu wanaofanya kazi za ramani, acha nilijibu mara moja. Mtu ana skripti ya Python ya kukokotoa maji ya mto Nyando yatatapakaa wapi mvua ikizidi, na ile hesabu nzito haifanywi na Python, inafanywa na laibrari ya C. Anagundua ameweka faili isiyo yenyewe, anabonyeza Ctrl+C kuisimamisha, skrini inaandika ^C, basi. Anabonyeza tena, ^C^C^C, feni ya laptopu bado inalia.

Sasa sikizeni, ile ishara inayotumwa na Ctrl+C, inaitwa SIGINT, namba 2, imefika, haijapotea. Python ikiipokea inaweka tu alama kwamba kuna mtu anataka kukatiza, halafu KeyboardInterrupt, lile kosa linalokatiza skripti, inatoka baadaye, thredi kuu (mkondo mkuu wa programu) ikirudi kwa maagizo ya Python. Na ni sawa kabisa hivyo, kwa sababu ishara inaweza kuingia katikati ya malloc, yaani C ikiwa inaomba memori, na ukianza kuunda vitu vya Python saa hiyo unaweza kugandisha programu yote. Shida ni kwamba C ikiwa bado inazunguka kwa lupu yake hakuna wa kuangalia hiyo alama. time.sleep, ile ya kusubiri tu, yenyewe inakatika vizuri sababu kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, inaiamsha na EINTR, msimbo wa kusema umekatizwa, lakini lupu ya hesabu haiamshwi na mtu.

Kwa hivyo wewe unayeandika laibrari, tafadhali sana, ndani ya lupu, kila baada ya mizunguko elfu kadhaa, ita PyErr_CheckSignals(), ndiyo inaangalia ile alama, ikirudisha -1 (mtu amekatiza) achilia memori uliyoshika na urudishe NULL. Ni mistari michache tu! Kama ulikuwa umeachilia GIL, ile kufuli ya Python ambayo thredi lazima iishike kabla ya kugusa Python, ichukue kwanza. Na iwe kwa thredi kuu, kwingine haifanyi kitu.

Laibrari ikiwa si yako, wengi wanaweka signal.signal(signal.SIGINT, signal.SIG_DFL) pale juu, yaani ishara iue programu moja kwa moja bila kupitia Python, na kweli skripti inakufa papo hapo, lakini finally, ile sehemu ya kusafisha mwishoni, haifikiwi, faili uliyokuwa unaandika inaweza kubaki nusu. Mimi naona afadhali hesabu iende kwa prosesi yake, programu ya pembeni inayojitegemea, na multiprocessing ya Python, prosesi mama inabaki huru kusikia Ctrl+C, inamuua mtoto na terminate(), halafu inafunga faili zake kwa utaratibu.