Kwenda skii Colorado: matairi, cheni na mteremko wa Eisenhower

Msimu ukianza, maswali ya wenzetu wa Denver na Aurora ni yale yale: jaketi gani, skii za kukodi bei gani, tiketi inunuliwe wapi. Swali la matairi huja mwisho, gari likiwa tayari kando ya barabara kuu ya I-70 limetazama lilikotoka. Basi leo tuanze na matairi.

Kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei, kipande cha I-70 kati ya Morrison na Dotsero kina sheria yake, na imekuwa hivyo tangu 2019. Meno ya tairi yasipungue inchi 3/16, yaani karibu milimita 5. Juu ya hapo gari liwe foo-wili, au matairi yawe ya theluji, au yawe na alama ya M+S (matope na theluji). Kama huna hivyo, beba cheni za tairi, au soksi za tairi (vifuniko vya kitambaa vya kuvalisha tairi) zilizoidhinishwa. Faini ni zaidi ya dola 130, na ukikwama ukaziba njia inapita dola 650. Kipimo cha meno ya tairi ni dola chache tu duka la spea. Pima katikati na pembeni, maana tairi lililotembea na upepo pungufu huisha kingo na kubaki zuri katikati.

M+S isikudanganye. Hiyo ni alama ya umbo la meno, mtengenezaji anajiwekea mwenyewe. Alama yenye uzito ni ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Tairi hilo limejaribiwa kwenye theluji kweli. Chini ya nyuzi 7 za Selsiasi mpira wa tairi la kiangazi huwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani, hata barabara ikiwa kavu. Na upepo nao hupungua kwa baridi: kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza kama psi 1. Pima asubuhi kabla gari halijatembea.

Wenye foo-wili ndio wanaojiamini kupita kiasi. Foo-wili inakusaidia kuondoka. Kusimama ni habari nyingine: kila gari lina breki magurudumu yote manne, kwa hiyo mbele ya taa nyekundu RAV4 na Corolla zote zinategemea ule mpira unaogusa barafu, basi.

Cheni zinunuliwe kwa saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 225/65R17. Soma kwanza kitabu cha gari: baadhi ya magari hayana nafasi kati ya tairi na shoku, cheni itakata mipira na nyaya za breki. Hayo yavalishwe soksi. Jizoeze kufunga nyumbani, mchana, pakavu. Siku yenyewe utafunga gizani, vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo weka taa ya kichwani, glavu za mpira (za sufu zikilowa hazina kazi) na kipande cha zulia cha kupigia magoti. Simama eneo lililotengwa kwa kazi hiyo, si kwenye kona. Gari likivutwa na magurudumu ya mbele, cheni zinakwenda mbele. Tandaza cheni juu ya tairi, ncha za kulabu zitazame nje zisichome mpira, funga upande wa ndani kwanza, halafu wa nje, kaza. Sogeza gari mita 100 hivi, shuka, kaza tena. Wengi huruka hatua hiyo ya mwisho, na ndiyo inayofanya cheni ifunguke na kuchapa madigadi mpaka ipasuke. Usizidi maili 30 kwa saa, na barabara ikiwa haina theluji tena, vua.

Handaki la Eisenhower, kwenye I-70 hiyo hiyo, lilifunguliwa 1973 kwa upande wa kwenda magharibi. Tundu la pili, la Johnson, likafuata 1979. Ni kilomita 2.7 ndani ya mlima, kwenye mwinuko wa kama mita 3,400. Malori yenye mizigo ya hatari hayapiti humo, yanapanda Loveland Pass kwa barabara ya US 6, mita 3,655. Anayekwenda kuteleza Arapahoe Basin naye mara nyingi hupita huko. Kwa aliyepanda Kilimanjaro, mita hizo 3,655 ni karibu mwinuko wa kambi ya Horombo. Tofauti ni kwamba Horombo unafika siku ya pili, umeshalala Mandara, ila hapa unatoka Denver kwenye mita 1,600 na saa moja na nusu baadaye uko juu. Kichwa kikigonga na tumbo likichafuka, si chai ya asubuhi, ni huo mwinuko. Kunywa maji, acha pombe siku ya kwanza, na hali ikizidi shuka chini. Juu ya Loveland sehemu nyingi hazina kingo za chuma, na upande wa mashariki kuna mikondo ya maporomoko ya theluji iitwayo Seven Sisters. Usisimame hapo kupiga picha.

Sasa mteremko. Ukitoka handakini kwenda magharibi, hadi Silverthorne ni maili 8 hivi na unashuka kama mita 700, mahali pengine kwa asilimia 7. Madereva wa Kitonga wanaijua lugha hii, na waliopita Salgaa wanajua kinachompata anayeshuka na fri ili abane mafuta. Teremsha gia kabla hujaanza kushuka, mwendo ukiwa bado mdogo. Kwenye gari la otomatiki ondoka D, weka L au 3, au tumia M uchague mwenyewe. Injini italia, iache ilie. Breki zisikanyagwe mfululizo. Kama mwendo wako ni 30, ukifika 30 kanyaga kwa nguvu hadi 25, achia kabisa, subiri ipande tena. Ukigusa kidogo kidogo muda wote, diski hazipati nafasi ya kupoa, pedi zinachemka, na pedali inakuwa laini mguuni. Harufu ya kuungua ikija, tafuta maegesho, simama, na usimwage maji kwenye diski, zitapinda.

Kwa wenye treila, cheni ndani ya lori ni lazima kipindi chote hicho cha Septemba hadi Mei. Breki ya injini, ile ya kuwasha kwa swichi, ni rafiki kwenye lami kavu, ila kwenye barafu inaweza kufunga magurudumu ya kuvuta peke yake na treila ikaja kukutazama dirishani. Kwenye utelezi izime, shuka na gia ya chini zaidi. Breki zikifeli, ziko njia mbili za dharura zenye kokoto nyingi kabla ya Silverthorne. Ingia. Kuvutwa humo ni gharama, lakini wengi huipita ya kwanza kwa aibu na kuiendea ya pili wakiwa na mwendo maradufu. Na dizeli iliyojazwa kusini kwenye joto hutoa nta kwenye baridi ya huku na kuziba filta. Jaza tanki dizeli ya majira ya baridi kabla ya kupanda.

Jingine linalosahaulika ni maji ya waipa. Jimbo hunyunyiza magnesi kloridi, chumvi ya kuyeyusha barafu, barabarani, lori la mbele linakurushia, na kioo kinageuka ukungu mweupe. Nunua maji ya kuhimili nyuzi 29 chini ya sifuri na ubebe galoni ya akiba.

Kuhusu skii zenyewe, hela nenda ukaitumie kwenye buti. Vidole viguse mbele ukisimama wima, na virudi nyuma kidogo ukikunja magoti. Soksi moja, nyembamba. Soksi mbili hubana mguu, damu haipiti, na mguu unaganda kuliko ungevaa moja. Fundi wa dukani akiuliza uzito wako mwambie ukweli. Ndio anaotumia kupima vibanio vinavyoshika buti kwenye skii vifyatuke kwa nguvu gani ukianguka.

Jioni, kabla ya kuondoka, fagia theluji ya juu ya paa lote. Ukifunga breki mteremkoni, bamba zima huteleza na kukufunika kioo cha mbele. Ukilala huko huko, gari lililolowa usilivute handibreki usiku, nyaya huganda. Egesha tambarare, weka P, na usimamishe waipa zitazame juu.