Baiti Ishirini

Wiki hii nimetimiza miaka miwili tangu nilipwe kwa mara ya kwanza kwa kazi ya kusimamia seva, yaani kompyuta zinazohudumia nyingine kupitia mtandao, na kwa kuwa hapa Langoni, mtaa wa Amu (Lamu), bado wapo wanaoniletea simu zilizovunjika kioo wakidhani ndiyo kazi yangu, nimeona afadhali niandike jinsi nilivyoingia katika shughuli hii, hasa ile sehemu ambayo kwa kawaida huwa siisimulii.

Nilianza na kipakatalishi kikuukuu chenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, kilichotoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe kisha kikavushwa kwa mashua katikati ya magunia ya vitunguu. Niliufuta mfumo endeshi uliokuwamo, nikaweka mwingine, Debian. Sikuichagua kwa ujuzi wowote. Ilikuwa ya bure na mashine dhaifu iliimudu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba iliasisiwa mwaka 1993 na Ian Murdock, aliyeunganisha jina la mchumba wake wa wakati ule, Debra, na jina lake mwenyewe, na kwamba mpaka leo hutunzwa na watu wa kujitolea waliotapakaa duniani. Kiini chake, Linux, kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Nchi hiyo hiyo ya Ufini ndiko Tatu Ylönen alikoandika SSH mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo chake. SSH, programu ya kuingia kwa siri katika kompyuta iliyo mbali, ndiyo njia ninayopita kila siku: nimeketi barazani Amu, naandika amri, seva iliyoko Frankfurt inaitekeleza, na herufi hunirudia zikiwa zimechelewa kidogo, kama jibu la mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo, kisiwani Manda. Intaneti ikikatika katikati ya kazi, nayo hukatika, tmux huendelea kuishikilia kazi yangu kule kule mpaka nirudi. Laiti ningeijua programu hiyo katika mwezi wa kwanza.

Kazi yenyewe niliipata bila cheti. Biashara moja ya mjini, ambayo sitaitaja, ilihitaji mtu wa kuangalia programu yake ya kupokea wageni, nami nilimwonyesha mwenye biashara daftari langu, ambamo nilikuwa nimeandika kwa Kiswahili kila amri niliyojifunza na kila kitu nilichokiharibu. Nadhani alivutiwa zaidi na kurasa za uharibifu. Tukakubaliana malipo madogo, ambayo kwa haki niseme yalikuja kila mwisho wa mwezi.

Mambo yaliharibika Ramadhani iliyofuata. Nilikuwa nimetoka tarawehi simu ikalia. Ni karani wa hesabu, mama mtu mzima ambaye hajapata kunipigia usiku. "Mwanangu, tangu laasiri hapaandikiki kitu. Wageni wako hapa mlangoni na mizigo yao." Nikamwambia, "Usijali, mama, nipe dakika kumi." Dakika hizo kumi zikawa muda wa saa nne.

Kosa la kwanza lilikuwa kuiwasha seva upya kabla ya kusoma chochote. Hifadhidata, yaani ghala la taarifa za programu ile, ambayo mpaka hapo ilikuwa inasomeka, sasa ikakataa kabisa kuamka. Kosa la pili lilikuwa kunakili amri za watu wengine mtandaoni, moja baada ya nyingine, bila kujua inafanya nini. Hata leo nikimwona kijana akifanya hivyo mwili hunisisimka. Ilikuwa karibu saa sita nilipoandika df, amri ya herufi mbili inayoonyesha nafasi ya diski, nikaona diski imejaa kwa asilimia 100. Katika diski ya gigabaiti 40, faili moja ya kumbukumbu za matukio ya programu (log) ilikuwa imemeza gigabaiti 31. Nikaifuta kwa rm, nikashusha pumzi, nikaangalia tena: asilimia 100 ile ile.

Hapa pananifurahisha kupaeleza, maana ndipo nilipoanza kuielewa Linux badala ya kuitumia tu. Jina la faili na yaliyomo ni vitu viwili. Amri ya rm huliondoa jina, lakini ikiwa kuna programu ambayo bado imeifungua faili hiyo na inaendelea kuiandikia, nafasi yake hairudi mpaka programu hiyo iiachie. Ni kama kung'oa kibao cha jina mlangoni ukadhani mpangaji amehama. Amri ya lsof, inayoorodhesha faili zilizofunguliwa na programu zilizozifungua, ndiyo iliyonionyesha mpangaji. Nikaiwasha upya ile huduma moja tu, na gigabaiti 31 zikarudi papo hapo. Hifadhidata ikaamka yenyewe. Kuna programu ndogo, logrotate, ambayo kazi yake ni kuzizungusha na kuzifuta faili kama hizo zisifike huko, nayo ilikuwamo ndani ya seva muda wote huo. Ilihitaji mistari michache ya maelekezo ambayo sikuwa nimeiandika.

Ningeishia hapo, hii ingekuwa hadithi ya ushindi, na ndivyo nilivyokuwa nikiisimulia. Lakini usiku ule, kabla ya daku, nilifungua folda ya nakala za akiba, zile ambazo wengine huziita chelezo, ili nijiliwaze kwamba hata mambo yangeharibika zaidi tungekuwa salama. Faili zilikuwapo, moja kwa kila usiku, zenye tarehe sahihi. Zile 11 za mwisho zilikuwa na baiti 20 kila moja. Baiti 20 ndizo gzip, programu ya kubana faili, huziandika inapobana kitu kisichokuwapo.

Siku 11 kabla nilikuwa nimebadilisha nywila ya hifadhidata, kwa ajili ya usalama, nikasahau kuibadilisha katika hati ya nakala, yaani orodha ya amri zinazotengeneza nakala hizo. Cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, iliitekeleza hati hiyo kila saa nane usiku kwa uaminifu mkubwa, ikashindwa, na kila iliposhindwa ikaniandikia barua. Barua 11 zilikuwa zimelala katika sanduku la root, akaunti kuu ya msimamizi, ndani ya seva ile ile, na mimi sikuwahi kujua kwamba root ana sanduku.

Sikumwambia mwenye biashara siku hiyo. Nilimwambia baada ya wiki moja, nilipokwisha kutengeneza kila kitu, na aliniuliza swali moja tu: kama lile sanduku la barua sasa linafika kwenye simu yangu. Linafika.

Mtihani wa LPIC-1, cheti cha usimamizi wa Linux, ambao kwa kweli ni mitihani miwili, ningali ninauwekea akiba. Kwa sasa kila Alhamisi usiku huchukua nakala moja, nikairejesha katika kipakatalishi changu kikuukuu, nikahesabu wageni waliomo, na kila asubuhi huandika ukubwa wa faili katika daftari. Ya leo ina megabaiti 212. Ya jana ilikuwa na 211.