Tundu la mlango wa stoo

Leo niliamka kabla ya mama. Julai hapa Uyole baridi inauma vidole, mkaa wenyewe unachelewa kushika. Niliingia stoo kuchota mahindi ya kupeleka mashine, nikatumbukiza mkono kwenye gunia, nikatoka na kiganja cha punje zilizotobolewa. Panya anachagua. Anatafuna kile kiini laini kwenye ncha, sehemu iliyobaki anaiacha, kwa hiyo gunia kwa nje unaliona limejaa kumbe ndani umebaki na makapi. Nikaziweka punje zile kwenye sahani, nikamwekea baba mezani pembeni ya chai yake. Baada ya shikamoo sikuongeza neno.

Ni wiki ya tano sasa naomba paka. Paka wa jirani alizaa watoto wanne mwanzoni mwa Juni, na mmoja ni wa kijivu, miguu myeupe kama amekanyaga unga. Siku ya kwanza niliomba kitoto: mzuri, ananipenda, nitamtunza. Mama aliendelea kuchambua maharage. "Uzuri hauoshi kinyesi, mwanangu," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Niliumia sana usiku ule. Baadaye niliacha kuomba, nikaanza kuwauliza wanaogopa nini, na hapo ndipo wakaanza kuongea.

Mama alikuwa na vifaranga wake. Hilo lilikuwa jepesi, nilinunua waya Mwanjelwa nikawajengea banda. Chakula nacho: nyama sisi wenyewe tunaila Jumapili. Nikamwambia usipa wa Kyela haukauki sokoni, nitautoa kwenye hela yangu ya vocha, na maziwa hatutamzoesha kwa sababu paka wengi wakishakua maziwa ya ng'ombe yanawaharisha.

Lakini hofu yake kubwa ilikuwa dada, ambaye ana mimba ya miezi mitano na anakuja kujifungulia nyumbani. Mama alisikia kanisani kwamba paka anaharibu mimba. Sikutaka kumbishia jambo ambalo silijui, hivyo nikaenda kumuuliza bwana mifugo wa kata. Akaniambia mama hajakosea kuogopa. Kuna vimelea vinaitwa toksoplazma, vinaweza kutoka kwenye kinyesi cha paka, na mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza vinaweza kumfikia mtoto tumboni. Ila kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo, vimelea vinahitaji kati ya siku 1 na 5 kukomaa. Kwa hiyo kinyesi kitolewe kila siku, na dada asikiguse kabisa. Akaongeza kwamba vimelea hivyo hivyo vinapatikana kwenye nyama isiyoiva na kwenye mboga za bustani zisizooshwa vizuri. Nilimrudishia mama yote, hata yale yasiyonisaidia. Aliniangalia kwa muda. "Kila siku?" Kila siku, mama. Karai la mchanga na majivu ni langu, hata nikiwa na homa. Kwa chanjo ya kichaa cha mbwa pia nimeshaahidi: akifikisha miezi 3 nampeleka, na kila mwaka narudia.

Baba ndiye aliyenishinda. Baba ni mtu wa sumu. Kila msimu wa mavuno ananunua vipaketi, anavisukuma nyuma ya magunia kwa fimbo. Nilidhani anakataa paka kwa ubishi tu, mpaka juzi usiku, tumeshamaliza kula, akasema bila kuniangalia: "Yule paka wa jirani wa mwaka juzi nilimfukia mimi."

Namkumbuka. Tulimkuta nyuma ya choo, damu imemkaukia puani, bado anapumua. Alikuwa amekula panya aliyekula sumu. Sumu hizi nyingi zinazuia damu isigande, na paka akimla panya mwenye sumu naye inamwingia. Nyumba tatu zilikuwa zimetega wiki ile, ila baba miaka yote hii amejua moyoni kwamba ilikuwa yetu. "Sitaki kufukia mwingine," akasema, akaenda kulala.

Nilikosa jibu. Nililala nikimwonea huruma baba yangu, kitu ambacho sijawahi kukihisi hivyo, na nikawa tayari kabisa kuacha. Sahani ya asubuhi niliiweka ili aone tu panya walivyotufanyia, si kumshindilia.

Alikunywa chai, akazigeuza zile punje kwa kidole moja moja. Kisha akanyanyuka, akaniita stoo. Tulisogeza magunia yote manane. Akafagia mwenyewe hadi pembeni, akaokota kila kipande cha sumu kwa mfuko wa nailoni mkononi, vingine vimeshaota ukungu, akavifukia shimoni mbali na bustani. Kazi hiyo ilikula asubuhi nzima na hakuna aliyetaja neno paka.

Mchana nilisikia msumeno. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya mlango wa stoo, anakata tundu kwenye ubao wa chini, vumbi la mbao limemjaa kwenye sweta. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama akitazama.

"Baba watoto," akasema, "hilo tundu dogo. Si atakua?"