Kopo la mguu wa nne

Mwaka 2016, nikiwa na miezi minne tu kazini, nilikabidhiwa funguo za chumba cha kufugia mbu katika maabara niliyokuwa nikijifunzia, bonde la Kilombero. Ilikuwa zamu ya Jumamosi na Jumapili.

Mbu wenyewe walikuwa Anopheles funestus, aina mojawapo ya mbu waenezao malaria. Wenzao, arabiensis, huzoea kizimba. Funestus ni mgumu. Ndani ya neti hapandani kirahisi, na viluwiluwi wake hukua polepole mno. Ndiyo maana tulianza na mama zao. Tuliwakamata alfajiri kwenye kuta za vyumba vya kulala kijijini, wameshiba damu, tukamweka kila mmoja kwenye kichupa chake chenye karatasi iliyoloa ili atage. Kisha karibu wiki tatu za kuwanyunyizia viluwiluwi chakula cha samaki kilichosagwa, kubadili maji, kuhamisha pupa (kiluwiluwi akikaribia kuwa mbu) mmoja mmoja. Nilifika mahali nikawapenda, sijui niseme vipi vingine.

Jumatatu tulihitaji majike 100 wa siku tatu hadi tano. Wangekaa saa nzima kwenye karatasi zenye permethrini, tuhesabu waliokufa baada ya saa 24. Swali lilikuwa la wanakijiji wale wale waliotufungulia milango gizani: dawa iliyo kwenye vyandarua vyao bado inaua?

Meza ya kizimba ilisimama ndani ya makopo manne ya maji, kila mguu na kopo lake. Jumamosi nilijaza matatu. La nne lilikuwa ukutani, nyuma ya mabeseni. Nikasema kesho.

Jumapili asubuhi pamba ya maji ya sukari ilikuwa nyeusi kwa sisimizi. Sakafuni mwa kizimba yalibaki mabawa. Mabawa matupu, mengi, mepesi hivi kwamba pumzi yangu iliyasogeza.

Nilimpigia dada aliyenifundisha kazi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo, mdogo wangu?"

Alikuja na khanga yake begani, hakusema neno. Akamulika tochi, akaufuata mstari wa sisimizi kutoka kwenye neti, ukashuka mguu wa meza, hadi kwenye kopo kavu. Akalitazama kitambo. Nilitamani anigombeze.

"Chukua aspireta," akasema, yaani mrija wa kunyonyea mbu. "Tuhesabu walio hai."

Walikuwa 31. Akanisogezea daftari niandike mwenyewe, kwa mkono wangu: tarehe, idadi, sababu. Niliandika "kopo la mguu wa nne halikujazwa", nikaweka saini.

Jumanne saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tena kijijini. Mama mwenye nyumba alitufungulia, mtoto mgongoni, akauliza kama majibu ya wale wa kwanza yametoka. Dada alinitazama. Nikamweleza yule mama yote, tangu kopo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akainua pazia la chumba chake.

"Ingieni," akasema. "Leo wako wengi upande wa dirishani."