Video ya mteja haikuja pamoja na bili

Pale Dunga, ufukweni Kisumu, ngege (tilapia) mzima akitua mezani na ugali wake, simu hutoka mfukoni kabla watu hawajanawa mikono. Dakika hiyo hoteli imepata tangazo lisiloshindwa na bango lolote la Oginga Odinga Street, maana mtu wa Kondele humwamini mwenzake aliyekula kuliko anayeuza. Tatizo ni pale mwenye hoteli anapoichukua ile video kana kwamba ni mali yake.

Kwanza, video hizo lazima ziombwe. Kibandiko cha "tufuate mtandaoni" hakizai chochote. Omba jambo moja linalofanyika papo hapo: "Mpige picha samaki wako kabla hujamgusa, kisha ututagi." Andika jina la akaunti kwa herufi kubwa, na liwe lile lile TikTok, Instagram na Facebook, mteja akikosea herufi moja, hutaiona video yake. Bandika mezani, si ukutani nyuma ya keshia. Angalia taa pia, kwa sababu balbu ya manjano humfanya samaki mzuri aonekane ameungua. Jua la Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na nusu saa kabla ya hapo simu ya bei yoyote hutoa picha safi kwenye meza za upande wa ziwa.

Sasa ruhusa, na hapa ndipo wengi huteleza. Mteja akikuwekea moyo mwekundu kwenye komenti, hajakuruhusu lolote. Mwandikie hivi:

"Habari yako dada. Sisi ni hoteli uliyokula Jumamosi hapa Dunga. Tumeipenda sana video yako ya ngege. Tunaomba kuiweka Facebook na Instagram kwa miezi sita, tukitaja jina lako. Hatutaitumia kwa tangazo la kulipia bila kukuuliza tena. Ukikubali, jibu NDIYO. Ukibadili nia baadaye, tuambie tuitoe."

Ukurasa gani, muda gani, tangazo la kulipia au la: usiache hata moja. Mtu aliyekubali kuonekana kwenye ukurasa wako hajakubali sura yake isambazwe kwa pesa mpaka Kakamega na Eldoret, na akikasirika ana haki.

Ruhusa zenyewe ni mbili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humtambua aliyepiga picha kuwa mwenye picha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humlinda anayeonekana ndani yake. Kifungu cha 32 kinakutwika wewe mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu aliridhia, na kinamruhusu kuondoa ridhaa wakati wowote. Mtoto akionekana, kifungu cha 33 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi; meza ya jirani ikiwa na watoto, kata sehemu hiyo au acha video. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa. Kwa hoteli ya meza kumi, huko ni kufunga mlango.

Ile NDIYO nayo hupotea. Mteja akiwa amewasha ujumbe unaojifuta WhatsApp, jibu lake huondoka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na ushahidi wako umekwenda nao. Piga picha ya skrini siku hiyo hiyo, uihifadhi kwenye folda moja na video yenyewe, tarehe na mwisho wa ruhusa.

Usipakue video kutoka TikTok. Huja na nembo, na mara nyingi na wimbo ambao akaunti ya biashara hairuhusiwi kuutumia, kisha sauti inazimwa. Mwombe mteja video asili isiyo na muziki, aitume WhatsApp kama dokumenti; akiituma kama video ya kawaida, inabanwa na magamba ya samaki yanageuka ukungu.

Soda ya bure kwa maoni ya nyota tano kwenye Google usithubutu kuitoa. Google inakataza, na maoni hayo yanaweza kufutwa.

Mteja akisema toa, toa siku hiyo hiyo: kwenye ukurasa, kwenye stetasi, kwenye tangazo ambalo bado linakimbia, na kwenye menyu uliyochapisha.