Nani anamsubiri nani?

Alhamisi, usiku

Leo nimerudisha kazi za ratiba za ujenzi za wanafunzi wa mwaka wa tatu. Moja ilipendeza macho: shughuli 64, mishale imenyooka, na njia nyeti, ule mfululizo wa kazi ambazo moja ikichelewa mradi wote huchelewa, imepakwa wino mwekundu. Ila plasta ilitangulia mabomba ya nyaya za umeme.

"Fundi umeme atapita wapi?" nikamuuliza mwanafunzi mwenyewe.

"Lakini mwalimu, programu imekubali."

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilinyamaza, maana jibu hilo niliwahi kulitoa kwa maneno mengine. Kwenye saiti yangu ya kwanza tulimwaga zege la slabu, ile sakafu ya juu, Ijumaa kwa sababu ratiba ilisema Ijumaa. Mabomba ya umeme yalikuwa bado hayajalazwa juu ya nondo. Jumatatu tukawa na nyundo na tindo, tunachimba zege la siku tatu. Ratiba ile niliichora mimi.

Ndiyo maana wiki tatu za mwanzo hakuna kompyuta darasani kwangu. Nawagawia vyeo: mwashi, fundi nondo, seremala, fundi bomba, fundi umeme, mnunuzi wa vifaa. Kila mmoja anasimama na kusema anamsubiri nani, na kwa muda gani. Hapo ugomvi huanza wenyewe. Seremala anataka mbao zake, zile zinazoshika zege bichi, kesho. Za ubavuni mwa nguzo atazipata mapema, lakini mirunda iliyobeba slabu haiguswi mpaka zege lijibebe, na hilo linategemea upana wa slabu, saruji na hali ya hewa. Yule aliyekariri "siku 28" anagundua kwamba hizo ni siku za kupima kama zege limefikia nguvu iliyokusudiwa, wala si ruhusa ya kila mtu kukaa bure mwezi mzima. Hesabu ya njia nyeti, waliyoibuni Kelley na Walker mwaka 1957, naileta wiki ya nne. Wakati huo wanaidai wenyewe.

Wenzangu wawili wananiambia napoteza muda. Wana haki kidogo: mada ya madai ya mkataba siimalizi mwaka wowote, na hilo linaniuma.

Somo ambalo silipunguzi ni la hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani. Tarehe 17 Julai 1981 vijia viwili vilivyoning'inia juu ya ukumbi kwa fimbo za chuma, kimoja juu ya kingine, vilianguka, watu 114 wakafa. Simulizi hii naianza kwa kamba. Watu wawili wananing'inia kwenye kamba moja iliyofungwa mtini, kila mmoja ameshika kwa mikono yake. Sasa kata kamba ya yule wa chini, uifunge kiunoni mwa yule wa juu. Mti haujaongezewa mzigo hata chembe, lakini mikono ya wa juu imebeba watu wawili. Ndivyo ilivyokuwa: fimbo moja ndefu ya chuma iligeuzwa kuwa mbili ili iwe rahisi kuunganisha, na kiungo cha kijia cha juu kikabeba mizigo miwili. Badiliko lilipita kutoka kwa watengenezaji wa chuma hadi kwa wahandisi, na hakuna aliyekipigia hesabu kiungo kile. Kila mwaka darasa hunyamaza hapo, kisha mtu huuliza, "Nani alipaswa kuuliza?" Naliacha swali liwakalie.

Jioni yule kijana alikuja ofisini na ratiba mpya. Plasta ameisogeza, na juu yake ameongeza mstari: "Kumuuliza fundi umeme, siku 0." Ile sifuri nimeizungushia penseli. Inaonekana hajawahi kumtafuta fundi umeme siku ya kumwaga zege.